Mvuvi wa Garissa aliyeuonea wivu mshipi wa mwenzake

Saa moja kasoro asubuhi, na jua la Garissa tayari linachoma mabega. Yarow Abdow amechuchumaa kwenye ukingo wa Mto Tana, mwendo wa dakika kumi kutoka darajani, na ncha ya mshipi ameishika kwa meno. Anaupitisha uzi kwenye kipete kidogo cha shaba, anausokota mara tano, anaurudisha tunduni, anautemea mate, kisha anauvuta taratibu mpaka fundo likae.

Akimaliza, hautazami mto. Anamtazama kijana aliyesimama hatua kama thelathini kutoka hapo, kikoi amekipandisha juu ya magoti. Kijana huyo anarusha kitu kinachong'aa katikati ya maji, anakivuta, anakirusha tena. Mara mshipi wake unakakamaa.

"Ameshika," anasema Yarow, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba. "Umeona? Chai yangu bado moto, huyu ameshika."

Kijana anaitwa Mustafe Olow, ana miaka ishirini na sita. Yarow ana arobaini na mmoja. Wawili hao huvua pamoja, hula pamoja na huswali pamoja, na bado kila kambare anayetoka majini kwa mkono wa Mustafe humchoma Yarow mahali fulani chini ya mbavu. Hafichi. Siku ya kwanza ya mazungumzo yetu alilitaja hilo kabla hata hajaulizwa.

"Andika hii," alisema. "Yarow ana wivu. Watu wengine wanafunika, mimi sifuniki. Lakini andika pia wivu ilinifanyia nini, wallahi, ndiyo watu wapate kucheka fizuri."

Yarow hakuzaliwa mvuvi. Kwao ni Wajir, na mpaka ukame wa mwaka 1992 alikuwa na ngamia ishirini na wawili. Walibaki watatu. Akawauza, akamchukua mkewe Shamso na binti yao Leyla, akashuka Garissa akiwa na godoro na sufuria mbili. Alijaribu kubeba mizigo, mgongo ukakataa. Akajaribu kuuza kuni, akakuta wauzaji ni wengi kuliko wapikaji.

Mtoni alifika kwa shingo upande. Kwa mfugaji wa bara, samaki ni kitu cha kutajwa huku umekunja pua. Habari zilipofika Wajir kwamba Yarow sasa anavua, binamu yake mmoja alituma salamu kwa dereva wa lori, akiuliza kama ameshaota magamba.

"Nilimjibu kambare haina magamba," anasema Yarow. "Hakuelewa. Hajawahi kuona moja."

Walaji wapo, ingawa wengi si wenyeji: walimu, makarani, askari, watu waliohamishiwa huku kutoka bara ya juu wakiwa na hamu ya samaki. Kilo moja huenda kwa shilingi arobaini. Shamso huwauza akiwa ameketi kando ya barabara katika mtaa wa Galbet, beseni mbele yake, kitambaa chenye maji kimefunika samaki. Kwa miaka miwili beseni hilo lilikuwa na samaki wa mtu mmoja tu, na mtu huyo alikuwa Yarow. Anakiri kwamba alikuwa akipita pale bila haja yoyote, ili tu kulitazama.

Halafu mwaka 1995 akaja Mustafe.

Kijana huyo alikuwa utingo wa lori lililobeba samaki wakavu kutoka Ziwa Turkana. Lori likaharibika, mwenye lori akakata tamaa, Mustafe akabaki Garissa bila kazi. Yarow ndiye aliyemhurumia. Akamwonyesha mashimo ya mto ambako kambare hujilaza mchana, akamwonyesha mahali mamba hupenda kujianika, akamwambia asisimame majini zaidi ya vifundo vya miguu.

"Nilimfundisha kila kitu," anasema Yarow. "Bole bole, kama mtoto wangu. Yeye alinyamaza tu, anaitika, ananiita ami, 'Haye, adeer. Haye, adeer.' Kumbe ana yake mfukoni."

Alichokuwa nacho mfukoni kilikuwa kijiko. Huko Turkana, Mustafe alikuwa ameona watu wakivua sangara bila nyama wala utumbo: kijiko cha chai kimekatwa mpini, kimetobolewa matundu mawili, ndoana imefungwa upande mmoja na mshipi upande wa pili. Kikivutwa majini hucheza na kumeta kama samaki mdogo aliyeumia. Sangara hukifuata kwa hasira. Mustafe alitaka kujua kama kambare wa Tana wana hasira hiyo pia.

Walikuwa nayo. Wiki ya kwanza alitoa samaki tisa, Yarow wawili.

Yarow naye akakata kijiko. Shamso alikitafuta siku mbili kabla ya kuambiwa kiko wapi. Lakini kijiko peke yake hakikutosha, na hapa ndipo mzee wetu alipoanza kupotea njia. Alimwona Mustafe akitoa samaki wakubwa, akaamua kwa akili ya mfugaji kwamba siri lazima iwe nguvu. Ngamia mkubwa hutaka kamba nene. Basi akaacha mshipi wa kuhimili uzito wa ratili arobaini, akanunua wa sitini. Samaki wakakata. Akanunua wa themanini. Wakakata. Mwishowe akafunga mbele ya kijiko kipande cha waya wa breki ya baiskeli, kitu ambacho hata fisi asingekikata.

Siku hiyo kijiko kilizama kama jiwe na kikabaki huko chini kimelala.

"Mshipi nene hauruki mbali," anaeleza Mustafe, ambaye wakati huo hakuulizwa. "Na kijiko hachezi. Waya ndiyo mbaya zaidi. Maji ikiwa nyekundu, ya mafuriko, sawa, samaki haoni kitu. Lakini kiangazi maji imekuwa safi. Anaona waya, anageuka, anaenda kwao."

Yeye mwenyewe hutumia mshipi mwembamba, wa ratili ishirini na tano, ili kijiko kifike katikati ya mto. Mwisho wake hufunga kile kipete cha shaba kinachozunguka, uzi usijisokote. Kuanzia kwenye kipete hadi kwenye kijiko huweka kipande kingine cha nailoni, kinene kidogo, cha ratili arobaini, urefu wa mkono kutoka ncha ya kidole mpaka begani. Kipande hicho ndicho kinachopokea taabu yote. Sangara, anasema, hukata kwa ukingo wa shavu lake, na kambare husaga kwa midomo iliyo kama msasa.

Yarow hakuyajua haya kwa sababu moja tu: hakuuliza. Angewezaje? Kumwuliza kijana aliyemfundisha mwenyewe, tena mbele ya watu? Alijitia hamnazo, akawa anatazama kwa jicho la pembeni, na kwa hatua thelathini nailoni haionekani.

Samaki kumi na mmoja walimponyoka katika miezi miwili. Kila mara mshipi ulirudi mtupu, ncha yake imejikunja kama unywele. Kila mara alisema, "Amekata." Mtu anayeweza kusoma nyayo za ngamia na kukuambia ni jike, ana mimba, na alipita jana jioni, hakuweza kuisoma ncha ile.

Novemba mwaka jana, alipofika Galbet mchana, alimkuta Shamso ana kambare wawili wanono kwenye beseni. Yarow hakuwa amevua kitu siku hiyo.

"Hii ya nani?"

"Ya Mustafe," alisema Shamso. "Ameniomba nimuuzie. Anatoa kitu kidogo kwa kila kilo."

"Samaki ya Mustafe ndani ya beseni yangu?"

"Beseni ni yangu, Baba Leyla. Wewe umeleta nini?"

Ikawa hivyo siku hiyo, na kesho yake, na wiki iliyofuata. Mwalimu mmoja wa kutoka Kakamega, mteja wao wa tangu zamani, akaanza kuuliza kabla hata ya salamu: "Leo kuna wa Mustafe?" Yarow alikuwa amesimama pale pale. Anasema alihisi kama amevuliwa nguo sokoni.

Shamso si mtu wa kuzungusha maneno. Kaka yake anayeishi Ijara alikuwa anatafuta mchungaji wa kumlipa mshahara. Jioni moja alimweleza mumewe kwamba Ramadhani ikiingia na mto bado unamnyima, itabidi mume aende Ijara kuchunga. Leyla alikuwa darasa la tano na shule haikubali maneno matupu.

"Sikusema kwa ubaya," anasema Shamso. "Nilisema kwa sababu ya unga."

Lakini kwa Yarow hakukuwa na ubaya uliozidi huo. Mtu aliyekuwa na ngamia ishirini na wawili akachunge ngamia wa shemeji, alale penye boma la shemeji, ahesabiwe mifugo jioni kama kibarua anayeshukiwa? Na nyuma yake, mtoni, abaki Mustafe na mashimo yote aliyomwonyesha. Hilo la pili, anakiri, ndilo lililomnyima usingizi zaidi ya lile la kwanza.

Zilibaki siku sita Ramadhani iingie. Alasiri hiyo Mustafe aliacha kopo lake la mshipi kwenye mchanga, akapanda kwenda kuswali. "Nakuja nyuma yako," Yarow akamwambia. Hakwenda. Alisubiri kijana apotee nyuma ya vichaka, akalifungua kopo.

Alikuta mshipi mwembamba. Hakuamini. Akaushika kwa vidole, akaung'ata, akaupima kwenye mwanga. Ndipo likamjia wazo: akate kipande cha urefu wa kidole, akakilinganishe dukani, apate namba yake. Akakata juu ya kipete. Akasikia mtu anakohoa upande wa njia. Kwa haraka akaufunga tena mshipi kwenye kipete, na mikono yake ikafunga lile fundo lililo ndani yake tangu utotoni.

Fundo hilo ni la kufungia ngamia miguu ya mbele asitembee mbali usiku. Kamba yake Wasomali huiita dabar. Kwenye kamba ya magome, yenye kukwaruza, fundo hilo hushika barabara, na likitakiwa kufunguliwa haraka huachia kwa mvuto mmoja wa upande. Wakati huo Yarow hakujua fundo jingine aliloliamini. Ndilo alilokuwa akifungia mishipi yake yote.

Aliyekohoa alikuwa mpita njia. Mustafe alirudi baadaye kidogo, akachukua kopo, akarusha.

Mrusho wa nne, maji yalipasuka. Kambare aliyenasa siku ile, wanasema wote walioona, alikuwa na kichwa cha upana wa karai. Mustafe alimwachia mshipi, akamrudisha, akamwachia tena. Watu waliteremka kutoka njiani. Samaki akaja mpaka majani ya ukingo, akageuka ubavu, tumbo jeupe likaonekana. Kisha mshipi ukalegea.

"Nitasema ukweli," anasema Yarow. "Kwanza nilifurahi. Moyo iliruka. Nikasema ndani yangu, Alhamdulillahi, hata yeye."

Furaha hiyo haikudumu hata pumzi tatu. Mustafe alivuta mshipi wake, akainua ncha, akaitazama. Ilikuwa imejikunja kama unywele.

Yarow aliiona akiwa amesimama hapo karibu. Ncha ile aliijua. Alikuwa ameiona mara kumi na moja. Hakuna samaki aliyewahi kukata mshipi wake. Fundo lake liliteleza kila mara kwenye nailoni, kwa sababu nailoni ikilowa haina cha kukwaruza. Mshipi wa ratili themanini, waya wa breki, pesa ya unga iliyoishia dukani, vyote vilikuwa bure. Na sasa samaki mkubwa kuliko wote alikuwa ameenda na kijiko cha mwenzake kwa sababu ya mkono wa Yarow.

"Fundo yangu haitelezi," Mustafe alisema polepole. "Nani amegusa mshipi yangu?"

Watu walitazamana. Yarow alitazama mto.

Siku iliyofuata akaenda mbali juu ya mto, peke yake, akajaribu mafundo mengine aliyoyajua: la kamba ya kisimani, la mzigo wa punda, la kufungia mikeka ya nyumba. Yote yaliteleza. Ilimlazimu kupata fundo la Mustafe, na ili alipate ilimlazimu kuuliza, na hakuwa na njia ya kuuliza bila kusema alichofanya. Siku tatu alizunguka jambo hilo. Zikabaki siku mbili.

Akapiga moyo konde, akaenda.

"Ni mimi," alimwambia Mustafe. "Nilikata kidogo, nikafunga fundo ya ngamia. Samaki yako imepotea kwa sababu yangu. Na mimi sijui kufunga nailoni. Sijawahi kujua."

Mustafe anasema alikasirika kuliko alivyoonyesha. "Angekuwa kijana mwenzangu, ningempiga," anasema. "Lakini huyu ni adeer yangu, alinipa chakula nikiwa sina mtu. Nikamwambia, adeer, kwetu mtu akiharibu mnyama wa mtu analipa mnyama. Samaki yangu ilikuwa kubwa. Nitakufundisha fundo, lakini kubwa ya kwanza utakayoshika, hiyo ni yangu. Tena itauzwa kwa jina yangu."

Yarow alikubali. Kulingana na desturi aliyolelewa nayo, hukumu hiyo ilikuwa ya haki, hata ya upole. Mchana kutwa walikaa kwenye mchanga. Sokota mara tano, rudisha tunduni, temea mate, vuta bila haraka. Kijana alikuwa akilikata kila fundo lililofungwa vibaya, na Yarow alikuwa akianza upya.

Asubuhi ya mwisho kabla ya Ramadhani, akiwa na mshipi mwembamba wa kuazima, alishika kambare wa kilo kumi na moja. Fundo halikusogea. Alimvuta mpaka mchangani, akaketi kando yake, akaweka mkono juu ya kichwa chake kama mtu anayemtuliza mnyama. Hajawahi kushika samaki mkubwa hivyo, kabla wala baada ya hapo.

Kisha akambeba mpaka kwa Mustafe, akamweka miguuni pake. Mustafe akampeleka Galbet.

Yarow alifuata, akasimama nyuma ya beseni. Mwalimu wa Kakamega akaja, akafunua kitambaa, akapiga mluzi. "Huyu Mustafe wenu ni hatari," alisema. Yarow anasema maneno hayo yalimwingia kama mwiba wa mgunga, na ilibidi azibe mdomo kwa mkono ili lisimtoke neno.

Mpaka hapo katika kusimulia, Shamso alikuwa ameketi nasi ukingoni akiosha beseni lake, akisikiliza kwa sikio moja. Sasa anaacha kuosha.

"Ile ya kilo kumi na moja?" anauliza. "Ile ilikuwa yako?"

Yarow anaitikia kwa kichwa.

"Miezi miwili, Baba Leyla! Na mimi namsifu Mustafe kila siku ndani ya nyumba, wewe unakula, unanyamaza?"

"Nililipa," anasema Yarow. "Mtu akilipa hapigi kelele."

Shamso anacheka mpaka machozi yanamtoka, na anapomaliza kucheka anamsogezea mumewe kikombe cha chai kwa mikono miwili. Mustafe, hatua thelathini kutoka hapo, anajifanya hasikii.

Ijara hakwenda, kwa kuwa Ramadhani ilipoingia fundo jipya lilikuwa limeanza kumletea samaki wake mwenyewe. Siku hizi hutoa samaki sita au saba kwa wiki, Mustafe kumi au zaidi. Pengo limepungua, lakini lipo, na Yarow hulihesabu kila jioni. Mpango wake ni kuhamia Masalani msimu wa mvua ukipita. Kule mto ni mpana, mashua zinavusha watu na mbuzi kutwa nzima, na kwa habari alizonazo hakuna hata mtu mmoja anayevua kwa kijiko. Ameshaweka mafungu mawili ya nailoni, la ratili ishirini na tano na la arobaini. Shamso amekubali kwenda kutazama kwanza.

"Nataka mahali ambapo mimi ndiye wa kwanza," anasema. "Hata mwaka moja tu. Niamke asubuhi, niangalie huku na huku, nisione mtu mbele yangu."

Na akitokea kijana huko Masalani, akajifunza kwake, kisha akaanza kushika kuliko yeye?

Yarow anamgeukia Mustafe, ambaye mshipi wake umekakamaa tena.

"Wiki ya kwanza nitamchukia," anasema. "Hiyo siwezi kukudanganya. Wiki ya pili nitamwuliza."